Lita Tatu za Mgongoni

Jumapili, 8 Juni

Nimeruhusiwa! Nusu nusu, lakini nimeruhusiwa. Baba Watoto kasema Jumamosi nitapanda mlima na wenzangu wa kazini, ila kwa sharti moja: nibebe lita tatu za maji, zangu peke yangu, na nizimalize kabla ya kushuka. Huko juu hakuna bomba wala kijito. Bila lita tatu sivuki kizingiti.

Wifi yangu akadakia kutoka jikoni. Yeye muuguzi, basi kila kitu anakijua. Eti lita tatu mgongoni si hoja, hoja ni lita tatu tumboni. Ananisema. Zamani nilikuwa natoka na chupa imejaa asubuhi, narudi nayo jioni imejaa vilevile. Mwisho wake jiwe la figo. Wiki ya safari ya mwaka jana wenzangu wako kileleni wanapiga picha, mimi niko wodini nalia, Baba Watoto yuko kwenye kigoda hali wala halali. Mimi! Mpima maji wa maabara, miaka kumi na tisa, naugua kwa kutokunywa maji! Wodi nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, ila kucheka kuliniuma.

Nataka kwenda. Sina haja ya kujifanya hapa. Nataka mno.

Nimetoa vyombo vyote vya nyumbani mezani. Chupa ya chai – nzito kama tofali hata ikiwa tupu. Chupa ya soda – nyepesi, inabonyea ukiishika, na kifuniko kinavuja. Baba Watoto naye kaleta dumu la lita tano, kaliweka katikati bila aibu. Nikamuuliza, nilibebe kichwani? Akasema, kwani kichwa chako kina kazi gani nyingine?

Nimemrushia kifuniko.

Jumatatu, 9 Juni

Kapteni leo kahubiri. Huyu ni fundi wetu wa pampu na kiongozi wa matembezi, na hicho cheo kajipa mwenyewe. Wakati wa chai kasimama, akatutangazia kwamba duniani kuna chupa moja tu ya mpanda mlima. Yake! Ya bati, imebonyea ubavuni, imevalishwa koti la kitambaa cha kijani. Miaka kumi na miwili anapanda nayo. Kazini huitundika kwenye msumari mlangoni mwa stoo, na ole wake atakayeigusa.

Nikamuuliza kwa adabu zote huwa anaiosha na nini. Akanitazama kama nimemtukania mama yake.

"Chupa haioshwi, dada. Chupa inazoea."

Inazoea! Mbele ya mpima maji!

Nikasema mimi nafikiria ule mfuko wa maji unaokaa ndani ya begi, wenye mrija unaopita begani hadi mdomoni. Mtu unakunywa huku unatembea, husahau. Kapteni kacheka mpaka chai ikamwagika. Eti hicho ni cha kunyonyeshea vichanga. Wote wakacheka. Nikacheka nao. Kicheko cha mdomoni tu, moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga.

Jumanne, 10 Juni

Nimetoka kazini nikaenda duka la vifaa vya michezo. Muuzaji, mama mmoja mpole, alianza vizuri tu. Akajuta. Nilizijaza chupa zote maji ya bombani kwake. Nikazigeuza juu chini. Nikazitikisa. Nikaweka begi mgongoni nikapanda na kushuka ngazi za duka mara sita, nahesabu kwa sauti. Mteja mwingine akaniuliza kama mimi ni mkaguzi. Nikamwambia ndiyo. Akaondoka.

Chupa ya chuma yenye kuta mbili: maji yanabaki baridi, lakini ukishabeba tatu umebeba duka. Chupa pana: ukinywa unatembea unajiogesha. Mfuko wa mrija: lita tatu kamili, unalala mgongoni kama mtoto aliyeshiba, haupigi kelele. Mdomo wake mpana, mkono wangu unaingia mpaka chini kuusugua. Hapo ndipo uliponipata. Chombo usichoweza kukisugua mimi sikiamini.

Nimeununua. Nyumbani nimekunywa mara ya kwanza – pua! Harufu ya plastiki mpya. Nimeulaza na maji ya magadi. Baba Watoto kauvuta mrija kwa udadisi kabla sijamwonya. Ametema mpaka kwenye pazia.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya uhuni. Uandikwe.

Saa tano Kapteni aliitwa kwenye mtambo. Chupa yake ikabaki msumarini, peke yake, inaning'inia. Sikuiiba. Niliiazima bila kumsumbua mwenyewe.

Nimeosha mfuko wangu, na chupa ya soda, na dumu la Baba Watoto, na chupa ya chuma niliyoazima kwa wifi. Ya Kapteni sikuiosha – si imezoea? Nikazijaza zote tano maji ya bomba moja, la pale pale maabara, nikazipanga dirishani zipigwe na jua. Kesho asubuhi wenzangu wataonja bila kujua kipi kimetoka wapi.

Maabara yetu ina desturi. Chombo kisicho na kibandiko juu ya meza hakilali. Atakayepita jioni atakimwaga, na hakuna wa kumlaumu. Basi nikabandika utepe, nikaandika namba. Moja, mbili, tatu. Mfuko wangu nne. Kapteni tano. Nikatoka saa kumi najichekea njia nzima. Mama mmoja barabarani kahamia upande wa pili.

Alhamisi, 12 Juni

Weee! Leo nimecheka mpaka mbavu zinaniuma sasa hivi ninapoandika.

Saa tatu niliwapanga foleni, nikawaambia ni zoezi la kupima ulimi. Vikombe vimeandikwa, nimekaza sura. Kikombe cha tano nilimpa Kapteni peke yake. Nina uhuni, sina roho ya kuua watu. Na yeye hayo ndiyo anayokunywa kila siku.

Cha kwanza, akakunja uso: plastiki. Cha pili: mazuri, baridi. Cha tatu: dumu hili, najua dumu. Cha nne akafumba macho. Akanywa tena. Akasema, haya ndiyo maji, dada, haya yametoka kwenye chombo cha mtu anayejiheshimu. Mfuko wangu!

Cha tano akatema kwenye sinki.

"Ala! Haya ni ya betri au ya nini?"

Nilijifanya naandika. Mabega yalikuwa yananitetemeka. Sijamwambia, hapana. Nitamwambia Jumamosi, kileleni, mbele ya wote, upepo ukivuma. Nimeificha chupa yake kabatini kwangu, na mchana kutwa yeye anazunguka anauliza nani kaiona. Nimemsaidia kuitafuta. Nimeangalia hadi chini ya friji.

Jioni nimefanya jaribio la mwisho na Baba Watoto. Mfuko umejaa, begi mgongoni, mwendo wa saa mbili kuzunguka mtaa. Yeye nyuma yangu na saa mkononi. Nimemaliza lita nzima bila hata kujua! Nilipobinya mfuko kumwonyesha, na yeye aliubinya. Akaenda akanifungia kamba za begi vizuri, moja moja, halafu akasema, "Haya. Nenda." Sauti yake haikuwa sawa. Nami nikaenda kunawa uso.

Nenda, kasema. Keshokutwa!

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwisha.

Naandika hapa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mhandisi, bosi wetu. Niandike upesi.

Asubuhi nimefika nimekuta gari la dharura halipo, na Bi Kanuni, mkuu wetu wa maabara, anatembea huku na huku na karatasi. Kisima namba tano kina vimelea. Vimeota sahani nzima ya kupimia, kasema, hajaona sahani kama ile tangu aajiriwe. Mhandisi kafunga kisima alfajiri. Mitaa mitatu haina maji. Safari ya kesho imefutwa, kila mtu zamu, mpaka chanzo kijulikane.

Nikauliza, sampuli ililetwa lini? Jumatano, kasema. Alipita jioni akaikuta dirishani, imo kwenye chupa ya ajabu ajabu ya bati. Yeye stoo hafiki, ya Kapteni haijui; alinung'unika tu. Wiki hii chupa za sampuli zimepungua, wachukuaji wanaleta kwenye chochote. Zilikuwa tano, zina namba. Akachota kidogo kila moja, akaweka kwenye kabati la joto la kuoteshea vimelea.

Na kwetu namba tupu kwenye utepe maana yake ni kisima. Tano yangu ikasomeka kisima namba tano. Miaka kumi na tisa! Vibarua wapya nimewafundisha mimi mwenyewe!

 Nikamwambia nina jambo la kumweleza Mhandisi. Kasema yuko kwenye simu na wakubwa, ngoja benchini. Nimekwenda kabatini nikaitoa ile chupa, iko kwenye begi langu la mgongoni sasa hivi, na mfuko wangu umejaa humo humo, maana leo nilikuja nao kuwaringishia watu.

Nimehesabu. Nikinyamaza, watapima tena, kisima kitaonekana safi kesho jioni, hakuna atakayejua. Safari hakuna, lakini sitaumbuka. Nikisema, wataenda wote kesho. Wote kasoro mimi, maana Mhandisi hatanipa ruhusa ya kupanda hata ngazi. Na nitamwambia nini Baba Watoto? Kwamba kamba alizofunga nifungue?

Lakini mitaa mitatu. Kuna watu wamefungua bomba leo asubuhi likawatolea upepo.

Nimekunywa lita nzima kwa woga. Choo kiko mwisho wa ukumbi na naogopa nikienda nitapitwa.

Kapteni kafika. Kaketi hapa kando yangu. Ana tope mpaka magotini, midomo imekauka. Ndiye aliyeshuka kisimani. Kasema tangu saa kumi na moja alfajiri wako kule, wamefungua kila valvu, wamekagua kila kiungo, hawaoni kitu. Hajanywa maji, chupa yake mpaka leo haijapatikana. Nimempa mrija. Kauvuta muda mrefu, kafumba macho. Sina hamu ya kucheka hata kidogo.

Nimemuuliza kwa nini kashuka mwenyewe, si zamu yake. Kasema kwa sababu yeye ana mikono myepesi, angemaliza haraka. Kisima kikipona kabla ya saa nane, Mhandisi ataturudishia safari. Kaja kuomba vijana wawili ashuke nao mara ya pili.

Nikasema, Kapteni, mlima haukimbii, mwakani upo.

"Wangu mimi upo," kasema. "Wewe mwaka jana ulikuwa wodini, dada. Mwaka huu utapanda. Nishasema na wenzangu, hata tukikubeba."

Namwandika hapa yeye kaegemeza kichwa ukutani. Anadhani naandika ripoti.  Ningejua ningeacha chupa yake msumarini ikaoza vizuri.

Simu ya Mhandisi imewekwa chini. Nasikia viatu.

Mlango umefunguka. Mhandisi anatutazama, anauliza tuko wangapi na nani aanze. Kapteni kasimama, kapangusa tope mikononi, kanishikia mlango kwa adabu.

"Tangulia wewe, dada," anasema. "Mimi nitasimama nyuma yako."