Kwa Mama Veneranda, Aliyemsomea Baba

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipotutoka pale hospitali ya Kitete. Watu wanatuambia kwamba ukipita mwaka hasira hupoa. Ya kwetu haijapoa. Tunakuandikia tukiwa nayo, na wanaotusikia watusamehe, na wasipotusamehe shauri yao.

Tuanze na wasifu uliosomwa siku ya mazishi yako. "Marehemu alisoma mpaka darasa la nne. Hakuwa na kazi. Alikuwa mama wa nyumbani." Basi, mistari miwili, halafu idadi ya wajukuu. Aliyeuandika ni mwanao wa kwanza, Emilian, na hapa anasema wazi kwamba anaona haya. Hakuwa na kazi! Nani basi alitulea sote wanne kwa mshahara wa fundi wa reli, nani alituuguza, nani alisoma kila kitabu kilichowahi kupita mtaa wetu wa Isevya na bado chakula kikawa mezani saa saba kamili?

Tulikukuta hivyo tangu tumepata akili: maharage yanachemka, kitabu kimeegemezwa kwenye kopo la unga, ukurasa umebanwa na kijiko. Mkono unakoroga, macho yako kwingine. Vitabu vyetu vyote vina alama za vidole vya mafuta na harufu ya kitunguu. Mboga iliungua mara ngapi hatukumbuki, na kila mara ulisema ni mkaa wa siku hizi, unawaka kwa fujo.

Ulivipata kwa masista waliokuwa wanahama, ulivipata sokoni kwenye lundo la mitumba, na dukani kwa Mzee Rajnikant, ambaye watoto wake walipokwenda kuishi mbali alikupa boksi zima. Ulilibeba kichwani kutoka mjini mpaka Isevya jua la saa nane likiwaka. Baba alipokucheka ulimjibu kwamba njia hizi wapagazi walizipita miaka na miaka na pembe za ndovu kichwani, na hakuna hata mmoja aliyebeba kitu cha maana kama chako.

Lakini hukuwa mtu wa kusoma chochote mradi kina herufi. Kitabu ulikipima. Kilichojaa maneno matupu ulikirudisha kesho yake: "Huyu ameandika ili tumwone. Hana la kutuambia." Kizuri ulikiazimisha kwa akina mama wa jumuiya, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulimpa maelekezo yaleyale. "Soma polepole. Kitakukera kidogo. Kikishakukera, ndiyo kimeanza kazi."

Baba, yaani mumeo Kasimiri, alikuwa na utani wake. "Mke wangu huyu," aliwaambia wageni, "hata karatasi iliyofungia chumvi lazima aimalize." Wageni walicheka, na wewe ulicheka nao. Siku hizi utani ule hatuucheki.

Maana kuna jambo la mama mdogo Consolatha, na hilo ndilo linalotufanya tuandike hadharani badala ya kukuombea kimyakimya. Wasiojua tuwaeleze. Miaka mitatu iliyopita alifariki baba mdogo Deus, mdogo wa mwisho wa Baba, kule Usoke. Aliacha mke, ndiye huyo Consolatha, na mabinti wawili, na nyumba ya matofali, na shamba la ekari nne. Udongo wa kaburi haujakauka, baba mdogo Sylvester, naye ndugu yao wa tumbo moja, akadai vyote, eti mali ya ukoo haikai kwa mwanamke. Kikao kikaitwa. Baba ndiye mkubwa wao, ndiye aliyekaa mbele. Walianza asubuhi, saa tisa alasiri bado wanabishana, na Baba alikuwa na treni ya kurudi Tabora. Akasema, "Haya, Sylvester achukue, Consolatha abaki kwenye jiko la nje, tufunge kikao."

Ulikuwa ndiyo unaingia na sinia la chai. Ukasimama nalo mikononi. "Baba Emilian, hiyo siyo haki."

"Mama Emilian," akakujibu mbele ya watu wote, "haya ni mambo ya ukoo. Wape wageni chai."

Ukawapa chai. Hukusema tena, si njiani, si nyumbani. Tulidhani umekubali, na hilo nalo linatuchoma, kwamba tulikaa nawe miaka yote hiyo na hatukukujua.

Muda haukupita macho ya Baba yakaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho. Gazeti likamshinda, akawa mkali kwa kila aliyepita mbele yake. Ndipo ulipomwambia, "Njoo ukae hapa barazani, nitakusomea." Akaguna kwamba hadithi ni za wanawake na watoto. Akaguna, lakini akakaa. Na tangu siku ile, kila vyombo vilipokwisha kuoshwa, tulimwona anavuta kiti chake mwenyewe na kukohoakohoa mpaka utoke.

Kitabu ulichomchagulia kilikuwa chembamba, jalada limeshatoka, na kilihusu mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake, na mzee wa kijiji aliyebariki unyang'anyi huo. Binti yako Levina alikuwa ndani anachambua mchele, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mzee huyo ni mpumbavu!" Baba alipiga kelele siku ya tatu. "Lazima amekula rushwa!"

"Hapa haijaandikwa kwamba amekula rushwa," ulimwambia taratibu. "Labda alichoka tu. Labda alitaka kikao kiishe awahi safari yake."

"Basi ndiyo mbaya zaidi! Anayekula rushwa walau anajua kwamba ameuza. Huyu ametoa bure! Angekuwa hapa ningemtia bakora."

"Angekuwa hapa," ulisema, ukafunua ukurasa mwingine.

Levina alijiziba mdomo kwa kanga. Kila siku tulimngoja Baba ashtuke, na kila siku Baba hakushtuka. Alimlilia mjane wa kwenye karatasi, machozi ya kweli, akasingizia moshi, na mjane wa mdogo wake mwenyewe analala jikoni Usoke na hata kumtaja hakumtaja! Mungu atusamehe na sisi, maana tulikuwa tunacheka. Hakuna aliyethubutu kufungua kinywa akakusaidia.

Zilikuwa zimebaki kurasa kumi hivi, mjane amefika mbele ya baraza la mwisho, ulipougua. Hata wodini Baba alikuinamia akakunong'oneza, ili muuguzi asisikie, "Alipata shamba lake?" Ukatabasamu. "Tukirudi nyumbani nitakusomea." Alirudi peke yake.

Sasa sikia kilichofuata. Siku ya arobaini ndugu waligawana vitu vyako. Vitenge havikumaliza nusu saa. Shangazi Apolinaria, dada yake Baba, alitaka lile kabati la vioo, na kwa kuwa lilijaa vitabu, akavimwaga sakafuni kama pumba. "Kaka, haya makaratasi nani anayataka?" Levina, ambaye siku nyingine ana mdomo, alimtazama Baba tu.

Baba alikitaka kile kitabu chembamba kuliko kabati, kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Alikiona pale chini, karibu na mguu wake, kama kivuli tu kwa macho yale, lakini alikijua. Akaona aibu. Aliona aibu ndugu zake wajue kwamba mtu mzima na mvi zake alikuwa anasomewa hadithi mchana kweupe. "Pelekeni mnakotaka," akasema. Sylvester akavisokomeza kwenye mifuko mitatu ya mbolea, akaondoka navyo Usoke.

Februari madaktari wa macho walimtoa Baba ule ukungu. Alipofika nyumbani hakuuliza chakula. Aliuliza, "Kile kitabu kiko wapi?" Tulimkumbusha kwamba vilikwenda Usoke. Alivaa koti lake la zamani la kazini, akapanda treni ya kwanza iliyoelekea upande wa Kigoma.

Alimkuta Sylvester mbele ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, anachochea kuni. Salamu hazikufika mbali.

"Vitabu vya shemeji yako viko wapi?"

"Vingine bado vipo pale, kaka," Sylvester alijibu bila wasiwasi wowote. "Vinawasha vizuri sana. Vile vya jalada gumu ndivyo vinasumbua."

Baba akaja juu. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kumwona vile. Alivua kofia akaibwaga chini, akamwita mdogo wake majina ambayo hatuwezi kuyaandika kwenye kumbukumbu ya mtu mwenye adabu kama wewe. Mifuko mitatu, umebaki mmoja! Miaka arobaini ya kuomba, kuokota na kubeba kichwani, imekwenda kukausha tumbaku ya Sylvester. Aliupekua ule uliobaki mpaka chini. Kitabu chembamba hakikuwemo.

Ndipo Consolatha alipomwita kutoka kwenye mlango wa jiko lake.

"Shikamoo, shemeji. Kama ni kile cha mjane, ninacho mimi."

Alikuwa ameokoa vitano kwenye lundo la kuwashia, akavificha chini ya kitanda. Baba aliinama sana ili kuingia, maana mlango ni mfupi, akaketi kwenye kigoda. Humo ndani kitanda kimebanwa kati ya mafiga na magunia, na masizi yameshuka mpaka kwenye shuka. Alifungua kitabu akasoma kwa macho yake mapya. Baraza limekaa. Mjane amesimama. Mzee wa kijiji anaulizwa kama bado anashikilia neno lake. Hapo karatasi zilikuwa zimekatika. Kurasa za mwisho zote zilishawashia moto.

"Wewe umewahi kukisoma chote?" aliuliza Baba.

"Nimekisoma. Dada Veneranda aliniazima kwanza mimi, ndipo akakusomea wewe."

"Basi niambie. Yule mjane alipata shamba lake?"

Consolatha aliweka chini mwiko aliokuwa ameushika, akamtazama.

"Shemeji," alisema, "unaniuliza mimi?"

Baba anasema alikaa pale mpaka chai aliyowekewa ikafanya utando. Kwanza alimkasirikia Consolatha kwa ufidhuli wake. Halafu akakukasirikia wewe kwa kumzunguka siku zote zile na uso wako wa upole. Halafu akamkasirikia yule mzee wa kitabuni, aliyemtukana kutwa barazani, na ilipofika kwa yule mzee hasira haikuwa na pa kwenda tena. Ilikuwa imefika kwake. Alilia, na safari hii hakusingizia moshi, ingawa moshi ulikuwepo.

Hakurudi Tabora siku ile wala ya pili. Aliita kikao cha ukoo, akakaa kiti kilekile, akamwambia Consolatha akae ndani, si mlangoni.

"Mara ile nilisema Sylvester achukue," aliwaambia, "kwa sababu nilikuwa nawahi treni. Sikuwa na sababu nyingine, na anayedhani nilikuwa nayo ananisitiri tu. Leo siwahi popote. Mke wa Deus atarudi kwenye nyumba yake na shamba lake."

Kelele zilizopigwa! Sylvester alisema kaka amelishwa maneno na marehemu. Shangazi Apolinaria alipiga simu kutoka mjini, akawekwa kwenye spika, akasema vitabu vimemharibu kichwa. Baba akawajibu wote wawili kwamba ni kweli. Walibishana siku mbili, na siku ya tatu wakaandikishana kwenye ofisi ya kijiji mbele ya mashahidi, Sylvester akitia saini kama mtu anayemeza shubiri. Kuna ndugu mpaka leo hawatusalimu. Wasitusalimu.

Baba alibaki na lalamiko moja, akawa analirudia kila akikaa barazani. "Kwa nini alinizungusha namna ile? Angeniambia tu!" Mwezi uliopita Levina alishindwa kuvumilia. "Alikuambia, Baba. Alikuambia mbele ya watu, ameshika sinia. Ulimwambia awape wageni chai." Baba aliinuka akaingia ndani, na tangu siku hiyo lalamiko hatujalisikia.

Hatujui ni wanawake wangapi hapa Tabora wameandikiwa wasifu wa mistari miwili kama wako. Tunajua kwamba wewe, kwa darasa lako la nne na kitabu kisicho na jalada, ulifanya kazi ambayo sisi tuliosoma hatukuigusa. Tulikuona unasoma, tukadhani umepumzika.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi asubuhi. Baadaye nyumba itakuwa wazi, na vitabu vilivyosalia vipo juu ya mbao mbili sebuleni kwa yeyote anayetaka kuazima.

Wanaokukumbuka ni mumeo Kasimiri. Wanao Emilian, Levina na ndugu zao wawili. Wajukuu zako wote. Akina mama wa jumuiya, majirani wa Isevya, na Mzee Rajnikant na nyumba yake. Majina ya Sylvester na Apolinaria tumeyaacha kwa makusudi. Wakikukumbuka watasema wenyewe.

Mama mdogo Consolatha ametuma salamu, anaomba radhi kwamba hataweza kufika kwenye misa. Mvua imenyesha Usoke, na yuko shambani kwake anapanda.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.