Jina la Mama Mkwe Limekuwa Ufunguo wa Mtaa Mzima

Shangazi Rahabu, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mwankoko, Singida, naomba unisaidie kabla sijagombana na mtu ambaye sitaki kabisa kugombana naye.

Mimi ni mke wa Abdulhamidi, mtoto wa Mzee Mselemu, na nikisema nyumba yetu inajulikana sijisifu, ndivyo ilivyo, kwani mafuta yetu ya alizeti yalianza kukamuliwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na marehemu mama mkwe wangu, Bi Stumai, kwa mikono yake mwenyewe, na leo nayauza mimi kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni mpaka Dodoma na Arusha, na wateja wananiita Mama Alizeti, nami naitika. Sasa mwaka jana tukafunga waifai, nyumba ya kwanza mtaani kwetu, na baba mkwe alifurahi jamani, akasema neno la siri liwe jina la marehemu mkewe, na hakuishia hapo, alimwita fundi rangi akaliandika ukutani nje, juu ya benchi, KARIBUNI, WAIFAI NI STUMAI, kwa sababu alisema marehemu hakuwahi kumnyima jirani maji wala kaa la moto, na intaneti ndiyo moto wa siku hizi, nani atanyimwa? Na kweli benchi linajaa, wanafunzi wanasoma pale, akina mama wa Unyambwa wakitoka sokoni wanawapigia watoto wao walioko mbali, na mzee anakaa katikati yao anapokea shikamoo kama mbunge, na mimi nikiwachungulia dirishani moyo wangu unajaa.

Kosa letu, Shangazi, ni kwamba kwa kumpenda yule mama tulitumia jina hilohilo kila mahali, kwenye waifai, kwenye barua pepe, kwenye ukurasa wa mafuta, na wiki iliyopita mtu, simjui, akalijaribu, likafungua, akawaandikia wateja wangu kwamba namba ya kulipia imebadilika, na Dorkas wa Dodoma, mteja wangu wa siku zote, akatuma hela huko, kisha akanipigia kuuliza madumu yake yako wapi, na aliposema "Johari, hata wewe?" nililia kweli. Ukurasa nimeurudisha mikononi mwangu, lakini waifai bado ni ileile na ukuta ni uleule. Nilimwambia mume wangu tubadilishe, akanijibu, "Mwambie wewe, mzee anakusikiliza, wewe ndiye unayempikia." Nitaanzaje kumwambia mzee wa watu kwamba jina la mkewe lifutwe? Yule mama alinipenda, nyumba yake ilikuwa wazi kwa kila mtu, isipokuwa stoo ya mafuta tu, ambayo ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la kanga mpaka alipougua, akanikabidhi mimi. Sasa nimeanza hata kuwaangalia vibaya watu wa benchini. Nifanyeje?

Johari, Mwankoko

SHANGAZI RAHABU ANAJIBU

Marahaba, Johari. Pole sana, na hongera pia. Mimi ni mtoto wa Kintinku, mkoani kwenu humohumo, na mafuta ya Singida nayasifia hata kwa watu wasioniuliza, kwa hiyo barua yako imeniuma kama yangu.

Lakini wewe na huyo Abdulhamidi mlikuwa mnawaza nini? Ufunguo mmoja wa mlango wa uani, wa stoo na wa kabati, halafu mnauandika ukutani kwa rangi! Aliyewaingilia ni mwizi, karipotini polisi, ila mlango mlimfungulia wenyewe. Na hao wa benchini waache kabisa. Neno la ukutani linasomwa na kila apitaye, na huna ushahidi hata chembe.

Anza na Dorkas. Mpigie asikie sauti yako, mweleze ukweli wote, na mafuta yake yaende, hasara ibebwe na nyumba. Wateja wengine nao uwaambie kwamba wakisikia namba imebadilika wasitume kitu mpaka waongee nawe. Kisha kila mlango uwe na ufunguo wake. Ukurasa neno lake, barua pepe lake, na liwe refu, sentensi nzima, hata ya Kinyaturu, isiyo jina la mtu wa nyumbani. Washa na ule ulinzi wa hatua mbili, unaoleta namba kwenye simu yako kabla mtu hajaingia, na namba hiyo usimtajie mtu hata akijiita ofisa. Rauta nayo, kile kisanduku kinachotoa waifai, ilikuja na neno la kiwandani la kuingilia kwenye mipangilio yake. Mmelibadilisha? Najua hamjalibadilisha. Na zile jumbe za "umeshinda, bonyeza hapa" ziacheni zipite.

Sasa mzee. Hakuna jina litakalofutwa, tulia! Rauta nyingi zinatoa mitandao miwili, wa nyumbani na wa wageni. Huo wa wageni uiteni KARIBUNI KWA STUMAI. Jina la mtandao si siri, kila anayewasha simu mtaani kwenu ataliona, hata asiyefika benchini. Neno jipya la kuingilia mzee awape mwenyewe wanaokuja kumsalimia, na mlibadilishe kila baada ya muda. Ukutani libaki jina tu. Mtandao wa nyumbani, wenye biashara yenu, uwe na neno lake, na lisitoke nje ya familia. Jirani akiomba moto unampa kaa, humbebeshi jiko.

Na wa kumwambia mzee ni Abdulhamidi. Mama ni wake. Eti "unayempikia"! Akae mbele ya baba yake aseme, nawe uwepo pembeni. Mzee akisema marehemu hakumfungia mtu mlango, hapo ndipo uongee, kwa adabu, kama ulivyoniandikia mimi. Mwambie ni kweli, aliwafungulia watu wote, lakini ufunguo wa stoo ulikaa kwenye pindo la kanga yake, na siku alipouachia hakuutundika ukutani. Alikukabidhi wewe.