Uliniambia Dogo, Hukuniambia Jepesi

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepoa, na mama naye hajambo. Sisi huku wazima. Mkwe wako yuko safarini na lori lake kama kawaida; akirudi analala mara mbili, halafu huyo tena. Naandika kwa sababu kwenye simu hatusikiani. Kila nikipiga, msumeno ndio unaonijibu.

Baba, nina ombi. Unajua gitaa langu la besi halisikiki lenyewe mpaka lipite kwenye amplifaya na spika. Ile ninayotumia ni ya bendi, kubwa kama friji. Na kwenye bendi yetu kila mtu hubeba chombo chake, ndiyo sheria ya Meja, kiongozi wetu, ambaye jeshi hajawahi kuliona ila amri anazijua. Ukumbi tunaopiga kila Jumamosi uko ghorofa ya tatu na lifti yake ilikufa kabla mimi sijafika. Nimeamua niwe na vyangu.

Nimezunguka madukani mpaka wauzaji wananijua. Kuna zile ambazo amplifaya na spika vimo kwenye sanduku moja, lakini kikiharibika kimoja umekosa vyote. Wengine wananiambia nisinunue kitu, nichomeke gitaa moja kwa moja kwenye spika za ukumbi. Spika za ukumbi wetu zinakoroma hata mtu akisema "alo". Mwisho nimepata kichwa, ndivyo wanavyoiita amplifaya ikiwa peke yake. Kimetumika lakini kizima, na kinaingia kwenye mkoba wangu wa sokoni. Fundi mitambo wa ukumbi akanitafutia spika moja ya kisasa, akavipima pamoja, akasema vinaelewana. Kilichobaki ni sanduku la kuiwekea hiyo spika. Nikitaka la dukani, itabidi niuze gitaa.

Ndipo nikajiambia, mimi mtoto wa seremala nahangaika nini? Nakutumia spika na vipimo kwa basi. Mbele, kando ya spika, acha tundu, maana sanduku la besi lazima lipumue. Liwe dogo. Ila kumbuka, baba, besi ni uzito. Sitaki sauti ya kopo.

Msalimie mama sana.

Mwanao

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo unalalamika kwa mazoea tu. Mama yako anauliza kama unakula. Nimemwambia mtu anayepiga gitaa kama lile hawezi kuwa na njaa.

Sanduku lako hilo, limepanda basi pamoja na barua hii. Nimelitengeneza mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, fundi msaidizi hakuligusa. Uliposema besi ni uzito nilikuelewa mara moja. Nilikuwa na mbao ngumu zilizobaki nilipotengeneza kabati la mteja mmoja, mbao ambayo msumeno ukiiona unaomba likizo. Nikaitia hiyo, unene wa vidole viwili, pande zote. Pembe nimefunga kwa ulimi na mfereji, ubao umeuma ubao, ukiligonga halilii hata kidogo. Sauti ya kopo haitatokea humo mpaka wajukuu zako wazeeke.

Lile tundu limenipa shida. Kila mteja aliyeingia karakanani aliuliza kama natengeneza banda la kuku. Mmoja akasema kuku watabanwa.

Mwanangu, nilifurahi sana kwa kazi hii. Basi, pokea.

Baba yako

6 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyumbani. Sijambo, ila asubuhi najisikia vibaya kidogo, labda ni hali ya hewa.

Sanduku limefika. Kondakta alinipigia akaniambia nije na watu. Nilicheka, nikadhani ananitania. Wapakiaji wawili ndio walilishusha, na mmoja wao akaniuliza kama ndani kuna marehemu.

Ni zuri, baba, sijui nisemeje. Majirani wote wamekuja kulipapasa. Nimeunganisha kichwa na spika nikapiga noti moja tu, ya chini kabisa, na jirani wa chini akatoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Sauti nzito, safi, haitetemi. Nashukuru mpaka machozi yalinitoka, na siku hizi yananitoka upesi.

Lakini baba yangu, usichukie. Nilifikiri kitu kidogo huwa chepesi. Hili ni dogo kweli, ila siwezi kulinyanyua hata kulivusha kizingiti, na ghorofa ya tatu ni mbali. Je, linaweza kupunguzwa? Labda upande wa nyuma tu uwe wa mbao nyepesi? Mimi sasa hivi nahitaji kitu chepesi sana, kabisa kabisa, cha kubeba kwa mkono mmoja. Usiniulize kwa nini, ni mambo ya kazi.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sitakuficha, ilinichoma. Uliniambia dogo, hukuniambia jepesi. Uliniambia besi ni uzito, kwa mwandiko wako mwenyewe, barua ninayo. Mimi seremala, mtu akiniambia uzito nampa uzito. Sasa unaniambia nipunguze upande wa nyuma! Sanduku si koti, binti yangu, halipunguzwi kiuno.

Nikampelekea mama yako aisome ili aniunge mkono. Akasoma, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hivi kweli huoni?" Nikamwambia naona habari za mbao. Akasema, "Asubuhi anajisikia vibaya. Machozi yako karibu. Miaka yote amebeba friji la bendi, leo anataka kitu cha mkono mmoja na hataki aulizwe. Mume wangu, mwanao halalamiki juu ya sanduku zito. Mwanao ni mja mzito."

Nilisimama pale na penseli sikioni kama mjinga.

Sasa andika utuambie. Kama mama yako amekosea, nitamtania mwaka mzima. Kama hakukosea, usiguse hilo sanduku hata kwa kidole. Na mkwe akirudi, mwambie alisogeze mbali na njia usije ukajikwaa.

Baba yako

24 Machi

Baba, na mama unayesoma juu ya bega lake,

Shikamooni. Mama hajakosea. Nilitaka kungoja kidogo ndipo niseme, ila nyumba yenu haifichwi kitu.

Muuguzi wa zahanati amenikataza kabisa kunyanyua vitu vizito. Kwenye bendi hakuna anayejua. Mtaniuliza kwa nini nisiwaombe wenzangu wanisaidie kubeba. Nitawaambia. Kabla yangu kulikuwa na mwimbaji, dada mmoja mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alipopata mimba, Meja akamwambia apumzike kidogo. Akapumzika. Alipojifungua akakuta nafasi yake ina mtu, na hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwita. Nikiomba msaada wataniuliza naumwa nini, na mimi kudanganya sijui. Nikiweza kupanda zile ngazi na vyombo vyangu mwenyewe, hawana cha kuniuliza.

Baba, besi ndiyo kazi niliyoichagua na ndiyo kazi niijuayo. Sitaki kupumzishwa.

Nisamehe kwa lile sanduku. Mkwe wenu alirudi juzi, analikalia akivua viatu, anasema hajawahi kukaa mahali imara namna ile.

Mwanao

12 Aprili

Mwanangu,

Mama yako anaimba toka asubuhi, na hajui kuimba. Mimi nimefurahi kwa namna ambayo siwezi kuiandika, kwa hiyo nitaandika habari za sanduku.

Nilikwenda kwa yule fundi redio wa mtaani kwetu, tukakaa mchana mzima tunabishana. Akanieleza kwamba ubao mwembamba peke yake hutetema na kula sauti, ila ukiushika kwa ndani unatulia. Nikakutengenezea jingine kwa plaiwudi nyembamba, ya zile nzuri, na ndani nikaweka mihimili inayopishana, kama dari ya nyumba. Uzito wa sauti nimeuacha, wa mbao nimeutoa. Mshikio nimeuweka juu, katikati kabisa, ili lisikuvute upande mmoja. Nimezunguka nalo mtaa mzima mkono mmoja, mwingine nimebeba chupa ya maji. Spika itoe kwenye lile zito, skrubu ni zilezile.

Jambo moja tu. Sanduku jepesi naweza kukutengenezea, lakini tumbo halina seremala. Litakua, na Meja ana macho. Afadhali asikie kwako kuliko aone. Sikulazimishi. Nakusihi tu.

Baba yako

11 Julai

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya huu mrefu. Mtoto anacheza, mimi nimevimba miguu tu, wengine wote wazima.

Nilipanda zile ngazi wiki baada ya wiki, sanduku mkono mmoja, kichwa mkobani, gitaa mgongoni. Siku ya kwanza mpiga ngoma alisimama chini na madebe yake akaniangalia kwa wivu. Nikaliweka sanduku karibu na ukuta, maana hapo besi inajaa zaidi. Fundi mitambo akazunguka jukwaa lote akiuliza sauti inatoka wapi, nikamwonyesha, akapiga magoti akachungulia ndani ya tundu. Asante, baba. Nilisema asante kila ngazi, na ngazi ni nyingi.

Kisha gitaa likaanza kukaa upande. Nikakumbuka ulivyonisihi. Juma lililopita, baada ya mazoezi, nikawaambia wote. Mpiga ngoma akasema, "Kumbe! Sisi tulidhani umenenepa, tukaogopa kukwambia." Wakacheka, wakanipongeza. Meja hakucheka. Alisema "Sawa," akaanza kukunja nyaya.

Jana nimefika mazoezini nikamkuta kijana amekaa pembeni na gitaa la besi mapajani. Meja akasema, "Huyu amekuja kujifunza nyimbo." Nilimfundisha, baba. Nyimbo zote, mpaka zile nilizotunga mimi. Na alipouliza atapigia wapi, nikamwonyesha sanduku lako, kwa sababu sikuweza kumwacha apande ngazi na lile friji. Nimelia njia nzima kurudi.

Silaumu mtu aliyenishauri niseme. Nimesema ukweli na sijuti. Ila naogopa.

Mwanao

20 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii naiweka mkononi mwa mama, anayerudi kwako kesho. Kama ilivyo kawaida yake, ataisoma kabla hajafika. Yeye mwenyewe atakuhadithia habari za mjukuu wako, jinsi anavyolia kwa sauti ya chini, nzito, kama mwenye kuomba kazi kwenye bendi. Sijui ningefanya nini bila mama majuma haya yote. Mshukuru kwa niaba yangu kila siku, maana nikimshukuru mimi ananiambia ninyamaze nile.

Lakini hili lilipotokea alikuwa sokoni, kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza.

Jumapili Meja alikuja. Sikumtegemea. Alinawa mikono, akamshika mtoto kama mtu aliyepewa bomu, akamrudisha. Nikamkaribisha kiti, akakalia lile sanduku zito. Nikamuuliza yule kijana anapigaje. Akasema, "Anapiga." Mimi nikawa nangoja neno la kupumzika.

Akasema, "Yule mwimbaji wetu wa zamani, nilimfuata juzi. Nilitaka arudi. Ameniambia nimechelewa, ana kazi nyingine." Akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona Meja akifanya hivyo, hata siku umeme ulipokatika ukumbi umejaa.

Kisha akainuka, akavaa kofia, akaniuliza, "Jumamosi hii, au ijayo?"

Nikasema ijayo, baba.

Mwanao

25 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amefika salama, na barua nimeisoma, na yeye ameisoma tena kwa sauti kana kwamba mimi sijui kusoma.

Tangu uondoke hapa, kila ulichohitaji ulikipata huko huko. Nilijivunia, usinielewe vibaya. Lakini baba naye hupenda kuombwa kitu. Muziki sikuujua, nikawa mtu wa kusalimiwa tu na kuulizwa habari za mgongo. Kisha ukaniomba sanduku. Nilikosea la kwanza, ukanivumilia ukaniomba tena. Unanishukuru wewe mara nyingi katika barua zako, mpaka naona haya. Leo naomba nikushukuru mimi.

Karakana nimeifunga Jumamosi hiyo, nimeandika mlangoni kwa chaki. Tumeshakata tiketi za basi. Mtoto atakaa na bibi yake nyuma ya ukumbi kama kelele zitamzidi, na mimi nitakaa mbele kabisa, karibu na besi, nikusikilize mwanangu.

Baba yako