Mkwe Wangu Ameikataa Oili Nyekundu

Mzee Athanasi, wewe unayetushauri juu ya magari na juu ya nyumba zetu, nakusalimu kutoka Bariadi, na baada ya salamu nakuomba unisome hadi mwisho kwa sababu nimechoka na sina mwingine wa kumweleza. Mimi ni Esteria, mjane, nina duka dogo la oili na vipuri karibu na stendi, nililolifungua baada ya biashara kuwa huria na magari ya mitumba ya Japani kuanza kuingia huku kwetu, na majina yetu usihangaike kuyaficha kwa kuwa gari lenyewe kila mtu mjini analifahamu.

Binti yangu Felisita ameolewa na Luhaga, aliyekuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, akibeba pamba kutoka magulio ya Kasoli na kwingineko, hadi wanunuzi binafsi walipokuja na malori yao na chama kikapunguza watu, naye kiinua mgongo chake chote akakinunulia gari, Corona nyeupe isiyo na klachi, ya kubeba abiria wa Lamadi, na nyumba ya chama ilipomtoka akahamia na mke wake na watoto katika vyumba vya nyuma uani kwangu, jambo ambalo kwetu Wasukuma halipendezi, maana mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, nami sijawahi hata kupanda gari hilo kwa sababu halina kiti ambacho yeye hajakikalia.

Mwezi uliopita gari lilianza kusitasita asubuhi kabla ya kushika gia, akamtuma Felisita dukani kwangu kuchukua oili ya giaboksi, nami nikampa kopo la plastiki linaloonyesha ndani, la oili nyekundu, halijafunguliwa, nikarudi nyumbani mchana na nikiwa jikoni nikawasikia nyuma ya ukuta.

"Hii ni nini?" Luhaga alimwuliza mke wake.

"Oili ya giaboksi. Mama amesema ni ya gari lisilo na klachi."

"Oili haiwi nyekundu, wala haiwi nyepesi namna hii. Hii ni juisi. Mwambie mayu, mama yako, ameuziwa mafuta ya taa yaliyotiwa rangi. Ndiyo soko huria hilo."

Mkwe hajibiwi moja kwa moja, basi nikamgeukia kuku aliyekuwa mlangoni, nikamwambia kwa sauti, "Wewe umezoea pumba za lori, leo umepewa mtama safi unasema ni mchanga," naye Luhaga akaligonga tairi la gari lake kwa mguu na kuliambia, "Tairi, umesikia? Siku hizi hata kuku wanafundishwa udereva," na Felisita aliyekuwa katikati yetu akacheka, kisha nikaona kwamba hacheki tena, analia.

Kesho yake Felisita alinirudishia kopo dukani, na Luhaga akaenda kwa mwenzake wa zamani wa karakana ya chama akaleta oili ya gia za lori, ile nzito kama asali, na kwa kuwa tundu la kujazia ni jembamba oili ilikataa kushuka, akaliacha kopo limeinamishwa juu ya faneli tangu asubuhi hadi jua la utosi, na tangu siku hiyo injini inanguruma lakini gari limesimama kama linalofikiri, mlimani abiria wanashuka na kusukuma, naye anasema litazoea, na kila likizidi kulegea anaongeza oili ileile.

Gari hilo likifa hakuna kiinua mgongo cha pili, na wajukuu wangu wanakula kutokana nalo. Lakini kinachoninyima usingizi ni kwamba mimi mwenyewe sina hakika, kwa sababu muuzaji wa jumla wa Mwanza aliyenipa oili hiyo aliwahi kunipa oili mbovu ya breki, na huenda Luhaga anasema kweli kwamba nauza juisi. Je, oili hiyo ni nyekundu kwa asili yake? Na kama ni sahihi, nimwambieje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama, nivunje heshima nikasimame mbele ya gari lake, au ninyamaze mpaka life? Nakuandikia wewe pia kwa sababu yeye husoma safu yako gazetini kila Jumamosi, akiwa ameketi juu ya boneti akingoja abiria watimie.

Esteria, Bariadi.

JIBU

Mama Esteria,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, ingawa sentensi zako ni ndefu kuliko njia ya Lamadi. Pole. Naanza na gari, kwa kuwa litakufa kabla ya heshima.

Oili ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu kwa sababu hutiwa rangi kiwandani, ili watu wasiichanganye na nyingine. Ni nyepesi kwa sababu katika giaboksi hiyo oili hailainishi tu, bali ndiyo inayofanya kazi ambayo dereva wa lori huifanya kwa mguu wa klachi. Husukumwa kwa nguvu katika njia nyembamba sana. Ukiweka oili ya lori humo, haipiti inavyotakiwa, na gari hunguruma mahali pamoja. Halitazoea. Chuma hakina mazoea.

Mkweo amekosea oili, lakini hakukosea kushuku. Tangu milango ifunguliwe tumeuziwa mengi yenye rangi nzuri. Rangi nyekundu peke yake haithibitishi kitu. Hata tapeli anajua kutia rangi. Na wewe ulimpa binti yako kopo ukasema ni oili ya gari lisilo na klachi, kana kwamba magari hayo yote hunywa kinywaji kimoja. Si hivyo. Kila mtengenezaji hutaja aina yake. Kitabu cha gari, kama kipo, kimeandikwa Kijapani, na hilo si kosa lenu. Lakini aina ya oili mara nyingi huandikwa kwenye kijiti cha kupimia, kwa herufi tunazozisoma sote: huenda ni Dexron ya pili, huenda ya tatu, huenda ni aina nyingine kabisa. Kopo lako limeandikwaje? Hukuniambia, na nadhani hukutazama. Mwuza dawa asiyesoma chupa tungemfungia duka.

Kuhusu heshima, usiivunje. Mama mkwe wangu alizungumza nami kupitia mlango hadi alipofariki, na tulielewana kuliko ninavyoelewana na ndugu zangu. Mlango ule ulipitisha maneno ya kweli. Kuku wako na tairi la mkweo vimepitisha matusi tu, na yote yamepita juu ya kichwa cha Felisita. Acheni. Mtoto huyo amechoka kuliko wewe na kuliko mimi.

Sasa niruhusu nikuache kidogo, nimgeukie aliye juu ya boneti.

Luhaga, mimi si mama mkwe wako, kwa hiyo nakutazama usoni. Gari hilo lisitembee tena leo. Lisivutwe kwa kamba hadi mbali huku magurudumu ya mbele yakizunguka, maana utaimaliza giaboksi. Mlete fundi uani. Amwage oili yote, afungue sinia la chini ya giaboksi, alioshe, abadilishe chujio. Oili mpya ikiingia, karibu nusu ya ile mbaya bado imejificha ndani. Liendesheni polepole kuzunguka mtaa, mmwage tena, mjaze tena, mpaka kijiti kitoke na wekundu safi. Pima injini ikiwa ya moto na inanguruma, gari likiwa mahali tambarare, gia ikiwa kwenye P, ile ya kuegeshea. Futa kijiti, kirudishe, kitoe, usome. Ikiwa kinanuka kuungua, jiandae, kwa sababu kilichokwisha kuungua humo ndani oili haikirudishi. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo.

Kabla ya kumwaga tone lolote, mpe Felisita kijiti hicho akipeleke dukani. Mama yake atakiweka kando ya kopo, herufi kwa herufi. Zikilingana, na kopo likiwa na kizibo chake cha kiwandani, itumie bila kusema neno. Zisipolingana, yeye atalirudisha Mwanza na kutafuta lililo sahihi, naye hatasema neno. Desturi inawakataza kutazamana. Kutazama kijiti kimoja haijawakataza.

Najua lori la chama ulilijua kwa masikio tu, hata ukiwa umelala. Lori hilo halipo tena, wala chama chenyewe hakipo kama tulivyokijua, na wengi wetu bado tunawatilia wageni oili za wale waliokwenda zao.

Abiria waliokwisha kuketi, washushe kwa adabu. Kisha shuka, inua hiyo boneti uliyoikalia, uvute kijiti.