Kioo Cheusi na Dawa za Marietha

Mbekenyera,
Wilaya ya Ruangwa, Lindi.
18 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Fidelis,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Mpanda, na habari za kazi ya minara? Wifi yangu Doreen hajambo? Na wanangu wote wawili wanaendelea vizuri na shule? Mgongo uliokuwa unakusumbua wakati wa Krismasi umetulia, au bado unapanda minara huku unauma meno? Nijibu kweli, usinifiche kama kawaida yako.

Sisi huku wazima. Mama kule Marambo anaendelea vizuri, presha imeshuka. Tulimwambia mwaka huu apumzike, lakini juzi nimesikia kapanda mahindi, kunde na ufuta kidogo, eti jembe linamnyoosha viungo. Mvua ni nyingi mno. Barabara ya kwenda Nachingwea ilikatika, magari yakawa yanaishia njiani na watu wanavuka maji kwa miguu.

Barua hii anakuletea Edwin, mtoto wa baba mkubwa, anayekuja huko kikazi. Nimekupigia simu tangu Jumatano hupatikani. Mtu anayejenga minara ya simu hapatikani kwenye simu! Ningecheka, kama si hali niliyokuwa nayo.

Fidelis, ile kompyuta uliyotuletea hapa zahanati ilinitia katika hofu ambayo sijawahi kuipata tangu nianze kazi ya uuguzi. Unajua tunachokiweka humo. Wagonjwa wetu wa kifafa, watu thelathini na wanane, kila mmoja na dawa zake na vipimo vyake. Daktari alikuwa akija kutoka Nachingwea mara moja kwa mwezi, anabadilisha huyu, anapunguzia yule, nami naingiza kwenye kompyuta. Daftari niliacha kuliandika mwaka juzi. Nilijiona nimeendelea. Kosa hilo ni langu, wala simsingizii mtu.

Jumatano asubuhi akaja Marietha. Unamkumbuka, mlisoma naye darasa moja Marambo, akaolewa huku na Dominiko. Amesema nikueleze habari yake yote, hana aibu na wewe. Ana mimba ya miezi saba. Dawa zilimwishia Jumapili, na kwa sababu ya maji hakuweza kufika kwetu. Jumanne kifafa kikamwangusha jikoni, akaungua mkono wa kushoto kutoka kiganja hadi karibu na kiwiko. Dominiko alimleta kwa bodaboda chini ya mvua, kadi yake ya kliniki ikiwa kwenye mfuko wa shati. Alipoitoa, wino wote ulikuwa umetapakaa, hakuna kinachosomeka.

Nikamwambia, "Usijali, zimo kwenye kompyuta." Nikabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka, feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi.

Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya wa kioo nyuma, nikaurudisha na kukaza skrubu zake. Nikahamishia umeme kwenye soketi nyingine. Kioo chenyewe kilikuwa kizima, kwa sababu kila nikikibonyeza kilionyesha maandishi madogo kwamba hakipati kitu, halafu taa yake inageuka rangi ya chungwa. Na lile boksi la chini likawa linalia, pii, pii, pii, linanyamaza, linaanza tena.

Marietha alikuwa amekaa kwenye benchi mbele yangu, mkono umefungwa bendeji, ananitazama.

Hapo ndipo nilipomgeukia Kulthumu, mhudumu wetu. Ijumaa iliyotangulia alikuwa ameihamisha meza ya kompyuta kutoka upande wa dirisha. Nikamfokea mbele ya wagonjwa. "Nani alikutuma kuigusa? Ukitaka kufagia, fagia sakafu!" Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio, akaendelea kumshikia Marietha kikombe cha maji.

Nikampigia daktari. Simu ikapokelewa na mtu mwingine, akaniambia daktari amekwenda masomoni tangu Januari na mwenzake bado hajaripoti. "Mleteni huku hospitali," akasema. Nikamweleza habari za barabara. Akasema subirini maji yapungue. Dominiko akaniuliza, "Dada, tusubiri mpaka lini?" Marietha alikuja na kifuko chenye vipande tu vilivyobaki vya vidonge vya aina mbili, vya zamani na vipya vimechanganyika, na hakukumbuka vipi alikuwa anameza kiasi gani. Kila akianguka, akili yake hukaa siku mbili tatu haijatulia.

Mwisho nikampata Dastani, fundi wa kompyuta wa Nachingwea mjini. Nikamweka kwenye spika, Kulthumu akashika simu. Ndiyo, huyo huyo niliyetoka kumfokea.

"Dada, hiyo milio naisikia," Dastani akasema. "Hiyo mashine inalalamikia memori, vibao vyake vya kumbukumbu. Zima, chomoa kabisa ukutani, halafu fungua ubavu wake."

"Mimi nifungue? Dastani, mimi ni nesi."

"Unamshona mtu kidonda, utashindwa na bati? Gusa kwanza chuma cha boksi kwa mkono mkavu. Ukimaliza tafuta vibao viwili vyembamba, vimesimama sambamba, vimebanwa huku na huku."

Nilivipata. Kulthumu aliweka simu chini akaniwekea kiganja chake begani. Nikaachia vibanio, nikavitoa. Kimoja kilikuwa kimekaa upande, hata mimi nisiyejua niliona. Meno yake yale ya rangi ya dhahabu yalikuwa na ukungu wa kijani. Dastani akaniambia niyasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, nipulize vumbi, halafu nirudishe kibao kimoja tu, nisukume mpaka kibane chenyewe.

Tukawasha. Pii, pii, pii.

Nakwambia Fidelis, nilikaa sakafuni. Mawazoni nilimwona Marietha amelala kwenye benchi lile, kifafa kimemrudia, na mimi nimesimama sina cha kumpa. Dastani akasema, "Usikate tamaa, dada. Toa hicho, weka cha pili."

Nikachomoa ukutani, nikatoa, nikaweka cha pili. Kulthumu akabonyeza kitufe, kwa maana mimi sikuthubutu. Ikalia mara moja, fupi. Kisha yakaja maandishi meupe kwenye kioo. Wagonjwa waliokuwa barazani wakapiga makofi kana kwamba kuna goli limefungwa.

Hata hivyo ilisimama hapo, ikidai saa yake si sahihi. Iliniambia tuko mwaka 2007. Nilidhani kila kitu kimefutika. Dastani akacheka kidogo, akasema ni betri ndogo ya ndani imekufa, nibonyeze tu kuendelea. Nikabonyeza. Jedwali likafunguka, Marietha yuko mstari wa kumi na tisa, na dawa zake zote.

Nilimpa dawa saa tano na nusu. Akalala palepale mpaka saa nane mchana, nami nikawa naenda kumtazama kila baada ya dakika chache kama mtoto mchanga. Hakuanguka tena. Ijumaa maji yalipopungua Dominiko alimpeleka hospitali Nachingwea, akapimwa, mtoto anacheza vizuri na dawa wameziacha zilezile.

Kuhusu Kulthumu. Jioni ileile nilimuuliza kwa nini alihamisha meza. Akanionyesha dari. Bati limetoboka, na mvua ya Ijumaa ilikuwa inadondoka juu ya kompyuta. Aliisukuma peke yake, meza na vyote, mimi nikiwa leba. Labda kibao kililegea katika kusukumwa huko, labda ni ule ukungu, sijui. Ninachojua ni kwamba angeiacha pale leo tusingekuwa na cha kufungua. Nilimwomba msamaha mbele ya walewale niliomfokea mbele yao. Akasema, "Yameisha, sista." Lakini bado ananiita sista. Zamani alikuwa ananiita dada.

Tangu siku hiyo kompyuta sijaizima, naogopa. Umeme ukikatika, huenda isiwake tena. Nimeanza kunakili yote kwa mkono kwenye daftari jipya, nimefika mtu wa ishirini na sita. Tafadhali uniambie, ile betri ya saa ni ya aina gani, na inapatikana Ruangwa au mpaka Lindi? Na kile kibao cha kwanza nikitupe, au kinaweza kupona? Utujibu kupitia Edwin akirudi, usingoje mtandao.

Kuna jambo jingine, Fidelis, nalo sijamwambia mtu wa hapa. Kabla sijampata Dastani, nilikuwa nimekata shauri. Nilichana kipande cha boksi la dawa, nikaandika kipimo cha Marietha jinsi nilivyokikumbuka: vya zamani viwili, vipya viwili. Nilikuwa na hakika. Nilishavihesabu kwenye bahasha, bahasha iko mkononi, ndipo Dastani, niliyekuwa nimemkosa, akanipigia.

Kompyuta ilisema cha zamani kimoja, na kipya nusu.

Ijumaa aliporudi kutoka hospitali nilimwita chumba cha sindano, tukiwa wawili tu, nikamwonyesha kile kipande cha boksi. Nilitaka ajue. Alikitazama, mkono wake mzima uko juu ya tumbo. Nilidhani atakasirika. Akanirudishia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada Lusiana, ungenipa ningevimeza."

Mpe salamu wifi Doreen, na uwabusu Teddy na Eliudi, waambie shangazi anawawekea korosho. Mama anakusalimu sana, mdogo wetu Beatrisi pia, na Marietha mwenyewe amesema usimsahau. Mungu aishike mikono yako huko juu ya minara, na akurudishe chini salama kila jioni.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Lusiana