Mgonjwa ni Mgonjwa, Baba Watoto

Mwaka umetimia, Baba Watoto, tangu utuache. Wengine huandika kwenye matangazo kama hili kwamba siku zimekwenda mbio. Zetu zimejiburuta. Siku ya maziko yako nilimeza neno, na mpaka leo limenikaa kooni.

Neno lenyewe linamhusu mdogo wako. Mwaka mzima ndugu zako wanamwita Mnywa Chai, kwa sababu siku uliyoanguka aliitwa alete gari, naye akachelewa. Kwenye tangazo la msiba waliandikwa dada zako wote, wakaandikwa na mabinamu ambao wewe mwenyewe usingewatambua njiani, ila yeye akaachwa. Hajakanyaga kwetu tangu maziko. Leo nataka kusema ilivyokuwa, na ninakuambia wewe. Wengine wasikilizie pembeni.

Wasiokujua wajue kwamba ulisomea ng'ombe ukaishia kwenye paka. Ulipostaafu, badala ya kupumzika kama wenzako, ulikodi chumba kimoja nyuma ya tanuri la mikate, ukaingiza meza ya bati, benchi, na mizani ya kuning'iniza uliyoipata kwa muuza viazi. Paka ulimpima ndani ya kikapu cha sokoni. Mbwa ulimkadiria kwa macho. Dawa ulizitafuta kwa madaktari wenzako, ukiomba bila haya, mpaka wengine wakikuona mlangoni wanaingia chooni.

Ukiulizwa bei, wewe ndiye uliyeuliza: "Leo una nini?" Mwenye kidogo alitoa kidogo. Asiyekuwa na kitu alifagia, au aliwashikia wengine wanyama wao. Fundi viatu alikuletea mbwa wake mzee mwenye vidonda masikioni, akakuachia kiatu cha kushoto ulichokuwa umekivaa kikiwa kimeshonwa upya. Ulirudi nyumbani kiatu kimoja kinang'aa, kingine kinacheka. Nilikuuliza kwa nini hukumpa na cha kulia. Ukasema mbwa alikuwa na ugonjwa mmoja tu.

Watu walikusema. "Watoto wa watu hawana dawa, yeye anachanja mbwa!" Hukugombana nao. Ulisema maskini naye ana haki ya kupenda kitu, na kwamba mtu anayeishi peke yake na paka, ukimwambia paka ni anasa, umemwambia yeye mwenyewe ni anasa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokusema. Nilikusema jikoni, nilikusema kitandani, na sikuacha.

Halafu ukaweka ile sheria yako. Kwenye simu, mtu yeyote wa kliniki asitaje mbwa wala paka. Aseme mgonjwa. Ulikuwa umechoka kukatiwa simu. Ukimpigia mkubwa wa ofisi ya mifugo kuomba dawa ukataja paka, alicheka, akasema hana fungu la paka. Ukimwita mwenye gari ukataja mbwa, gari likaharibika papo hapo. Basi ikawa mgonjwa ameanguka, mgonjwa anahema kwa shida, mgonjwa hali chakula tangu juzi. Lugha yetu ilikuficha vizuri, maana nani atajua hapo kama ni mtu au jibwa? Hata waliokaa kwenye benchi uliwafundisha. Mdogo wako, aliyebeba wagonjwa wako bure kwenye pikapu yake ya mizigo, alizoea kukuchokoza: "Kaka, wa miguu mingapi?" Nawe ulimjibu kila mara: "Mgonjwa ni mgonjwa." Mlicheka kama mmeambiwa jambo jipya.

Asubuhi ya siku ile ulikuwa na miadi hospitali, ya kile kifua ulichokuwa ukikisugua kwa kiganja ukidhani sikuoni. Ilikuwa mara ya tatu kuahirisha. Ulisema ni siku ya chanjo, watu wametoka mbali na vikapu vyao. Mganga hajigangi, nikakuambia, na nikakuambia na mengine ambayo hayafai kuandikwa hapa. Ulitoka bila kunywa chai. Sikukusindikiza mlangoni.

Saa nane mchana yule bibi wa kwenye benchi lako, mwenye paka wa rangi ya majivu, alikuja mpaka uani kwetu. Alikuwa anahema. Akasema, "Mama, kuna mgonjwa ameanguka kule ndani. Hali yake si nzuri. Ita gari."

Alikuwa anamaanisha wewe. Aliogopa kunishtua, akaona mke haambiwi ghafla kwamba mumewe yuko sakafuni, akatafuta neno la upole. Neno la upole lililokuwa karibu lilikuwa lako.

Mimi nilisikia mbwa. Nilikuwa na sufuria mkononi na hasira moyoni. Nikaingia jikoni nikampigia mdogo wako, na haya ndiyo maneno niliyomwambia, sikuongeza wala kupunguza:

"Shemeji, kuna mgonjwa wa kaka yako huko."

"Nakuja sasa hivi, shemeji. Wa miguu mingapi?"

"Kwani kuna wa miguu miwili siku hizi? Usikimbie. Unafanya nini?"

"Ndiyo kwanza nimewekewa chai."

"Basi inywe mpaka uimalize. Wagonjwa wa kaka yako hawaishi, na hatutakufa sisi kwa ajili yao."

Ulimi hauna mfupa, Baba Watoto. Nilipotoka, bibi alikuwa bado amesimama uani, ananivuta kwa macho. Nikamwambia atangulie. Nikasuuza sufuria ile, nikasuuza na nyingine.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa mlangoni, vikapu viko chini, na nikaona soli ya kiatu chako chini ya meza. Nilikuita. Midomo yako ilitikisika, lakini sauti haikutoka. Nikampigia tena mdogo wako, simu ikaita mpaka ikakatika, kwa kuwa alikuwa ameiacha kwenye chaji kwa muuza chai akaenda kupakia kizimba garini. Fundi viatu alikimbia barabarani kusimamisha magari, hakuna lililosimama. Wewe unajua wanavyowaona watu wanaotoka kwenye kliniki ile.

Mdogo wako akafika. Alishuka na kijiti cha meno mdomoni, amebeba kizimba na lile blanketi lenye manyoya, anacheka: "Haya, mgonjwa wetu yuko wapi?" Watu wote waliokuwepo walimwona na walimsikia. Kicheko kile ndicho kilichomhukumu. Hakuna aliyesikia simu.

Alikubeba peke yake. Hospitali daktari aliuliza mbona mmechelewa. Akasema mngewahi kidogo tu. Mdogo wako alikuwa bado ameshikilia blanketi la mbwa.

Msibani wakubwa wa ukoo walimweka katikati, wakamuuliza alikuwa wapi kaka yake alipokuwa anakata roho. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwake. Alinitazama mara moja. Akasema, "Nilikuwa nakunywa chai." Basi. Nami nilijifunika kanga usoni, watu wakadhani nalia kwa uchungu wa mume tu.

Huyu ndiye ndugu yako. Alinihifadhia heshima yangu akabaki na aibu isiyo yake, na mimi nikaipokea, nikala nayo, nikalala nayo mwaka mzima. Mkubwa wa ofisi aliyekosa fungu la paka alisimama kaburini akakuita hazina ya taifa, watu wakampigia makofi. Aliyebeba wagonjwa wako miaka tisa bila kuomba hata mafuta alisimama nyuma kabisa, karibu na wachimba kaburi. Nimeona uchafu mwingi, lakini ule wa siku ile ulikuwa wangu.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo msomaji asinipe pole. Nina hasira na wewe pia, nisikufiche. Nina hasira na sheria yako, na miadi yako mitatu, na namna ulivyowapa wote jina moja mpaka zamu yako ilipofika likakosa kukutambulisha. Chumba kimefungwa. Wenye tanuri wanaweka unga humo. Watu bado wanakuja kwetu na vikapu, na ninawaambia daktari hayupo, nao wanasema wanajua, walikuwa wanapita tu. Wanakaa kidogo kisha wanaondoka na paka wao.

Jana nilikwenda kwa mdogo wako nikamsomea tangazo hili kabla halijatoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shemeji, hiyo sehemu ya simu itoe. Kaka hapendi uumbuke." Nilikataa. Mkewe akaleta chai. Hakuna aliyeigusa.

Wanaokukumbuka ni mdogo wako wa tumbo moja, ambaye anaandikwa wa kwanza, na asiyependezwa na alie, binti yako kifungua mimba na mumewe, mwanao kitindamimba aliye mbali, wajukuu zako wawili, dada zako, na mimi mkeo, niliyesema asikimbie.

Wao hawatakusahau kamwe. Mimi hata nikiomba nisahau, sitapewa.