Mtama Ulioota Usiku Mmoja

Jumanne, 20 Januari
Haneti. Nimechoka, lakini nisipoandika hili litanipasua.

Mwezi wa kumi tulishuti hapa, kwa ajili ya tamthilia yetu, sini ya chombo cha wavamizi kutoka angani kutua. Uwanja mkavu, vumbi hadi kwenye meno. Leo tumerudi kushuti asubuhi yake — katika hadithi ni kesho yake tu! — na shamba lote ni mtama. Umepita magoti. Miguu ya chombo, yale mabati tuliyochomelewa Kizota, haionekani kabisa.

Bosi Octavian, mwongozaji wetu, kapiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Si tulilikodi hili shamba? Si tulisema lisiguswe? Mwenye shamba, Bibi Anna, kamsikiliza mpaka mwisho. Akasema mvua ilinyesha, mwanangu, ulitaka niitazame tu?

Basi amri ikatoka: kama picha hazilingani na zile za mwezi wa kumi, kesho vijana wanafyeka, Bibi atalipwa fidia. Bibi kauliza hizo hela atazitwanga kwenye kinu? Ndiyo chakula chake na wajukuu cha mwaka mzima. Halafu Bosi akanigeukia. “Yasinta, mwendelezo ni kazi yako. Asubuhi uniambie zinalingana au hazilingani.”

Mimi! Ambaye epi ya pili ya tamthilia, shujaa wetu Kamanda aliinua kikombe chekundu akashusha cha bluu, na mitandao yote ikanicheka. Bosi aliapa: kosa lingine kama lile, narudi kutoa fotokopi Chang'ombe.

Jumatano, 21 Januari
Nimesema zinalingana.

Sijui ulimi umepata wapi ujasiri. Nikamwonyesha picha za vumbi kwenye simu, nikasema tukibana kamera kwenye nyuso mtama hautaonekana. Uongo mtupu. Unaonekana hadi kwa kipofu! Bosi kanitazama weee. “Haya. Shingo yako.”

Tumeshuti. Panga halijatoka kwenye gari.

Jumamosi, 7 Februari
Epi ya nne inarushwa leo. Sijala. Dada Hilda hapa nyumbani kasema nizime simu nilale. Nimezima. Kulala, sahau.

Jumapili, 8 Februari
Jamani! Jamani jamani!

Nimewasha simu baada ya misa, meseji zikamiminika mpaka ikaganda. Mtama wameuona, tena wote. Lakini hakuna anayesema ni kosa! Wanasema wale viumbe wamekuja na mvua. Wametua kwenye vumbi, asubuhi shamba limeota. Mama mmoja wa Chamwino kaandika kwamba mgeni aliyekuja na mvua hafukuzwi, sasa huyo Kamanda bunduki ya nini? Mwingine wa Mpwapwa anauliza kwake watatua lini.

Hilda kacheka mpaka kakaa chini. Mimi nimelia. Kile kilio cha raha, cha kamasi. Mtama upo. Kazi ipo. Mungu wangu, asante! Nimekula ugali na mlenda mpaka nikaona aibu.

Jioni Bosi kapiga. Sauti ya upole, ile ya kutisha. Hakuuliza habari ya nyuso wala ya kamera. Kasema epi ya sita wanakijiji wanawaua viumbe kwa mawe, mswada umeshapita, wadhamini wameshasaini. “Sasa niambie, Yasinta, nani ataokota jiwe?” Nikasema sijui, Bosi. Kweli sijui. Ila usingizi ninao.

Jumatano, 18 Februari
Haneti tena. Jumatano ya Majivu, na nusu ya ekstra, wanakijiji wa hapa hapa, wamekuja na majivu kwenye paji la uso. Katika hadithi leo ni Jumatatu! Wanaume nimewavalisha kofia, kina mama vilemba. Afadhali nimeyaona mapema.

Mtama sasa umetupita vichwa. Mbele yake, kwenye uwazi mdogo, mwigizaji wetu Lameck kasimama ndani ya vazi la kiumbe, anatokota. Mawe yenyewe ni ya sponji ya godoro, tumeyapaka rangi. Bosi: “Ekshen!”

Wanakijiji wakasimama tu. Hakuna aliyerusha. Bosi kaeleza upya — ni maigizo, ni godoro, hayaumizi. Wakaitikia vizuri kabisa, ndiyo, tumeelewa. Ekshen! Mzee mmoja kaliweka jiwe lake chini taratibu, kama yai. Akasema mwingine yeyote atampiga hata kwa jiwe la kweli, ila huyu hapana. Mvua za mwaka huu bado zinahitajika.

Mara ya tatu, Bibi Anna katokea kwenye mtama na kigoda. Hayumo kwenye sini! Kakiweka chini, kakifuta kwa khanga, kamwambia Lameck karibu, kaa. Lameck maskini hajui aigize nini. Kakaa. Nikasubiri Bosi aseme kata. Hajasema. Kaniinamia, kaninong'oneza: hicho kigoda sini iliyopita kilikuwepo? Nikamjibu kilikuwepo, na safari hii hata moyo haukudunda.

Naandika nimeegemea tairi la gari. Bosi kakaa peke yake, mswada magotini, kaufungua ukurasa wa mwisho, ule wa mawe, na kalamu anayo mkononi. Hajaandika kitu. Wanakijiji wamemzunguka Lameck. Bibi kampa maji, anayanyonya kwa mrija kupitia tundu la pua la kinyago. Bibi anamuuliza habari za huko alikotoka, na kama nao wameshamaliza kupalilia.